Kasoro ni ya fuwele au ya mchoro wako?

Nenda kwa fundi baiskeli, nunua gololi mia tatu za robo inchi, zimwage kwenye sinia bapa, kisha litikise taratibu. Zitajipanga zenyewe: kila gololi itazungukwa na nyingine sita, isipokuwa pale zilipogoma. Pale zilipogoma ndipo penye somo. Shaba, chuma na alumini navyo ni fuwele, yaani atomu zilizojipanga kwa safu, na mengi tunayoyajua kuhusu metali hizo, kama kupinda bila kuvunjika au kuwa ngumu baada ya kufuliwa kwa nyundo, hutokana na sehemu chache ambako safu zimekosewa. Mwaka 1947 wanafizikia W. L. Bragg na J. F. Nye walizionyesha kasoro hizo kwa viputo vya sabuni vinavyoelea. Gololi hufanya kazi hiyo hiyo bila kulowesha meza.

Baada ya hapo ni jiometria. Unapiga picha, kila gololi inakuwa nukta, unaunganisha nukta jirani mpaka upate wavu wa pembetatu, kisha unahesabu kila nukta ina majirani wangapi. Yenye sita iko sawa. Yenye watano au saba inapakwa rangi. Kanuni ya kuchora wavu huo ni ya mwanahisabati Boris Delaunay, 1934: duara linalopita kwenye ncha tatu za pembetatu lisimeze nukta nyingine yoyote. Mwaka huo huo wa 1934 wanasayansi Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza kwamba metali hupinda kwa sababu kuna kasoro inayosafiri ndani ya fuwele. Kasoro hiyo nitaiita mteguko, maana safu za atomu zimeteguka kama kifundo cha mguu.

Shida ni kwamba programu ya kompyuta inayochora wavu huo haina haya ya kupaka rangi. Ukiipa takwimu mbovu, itakupakia wekundu sinia zima. Hizi ndizo dalili ninazokutana nazo mara nyingi, na namna ya kujua mwenye kosa ni nani.

Kabla ya yote, jumlisha

Kwa kila nukta ya ndani andika 6 kutoa idadi ya majirani wake. Kwa nukta ya ukingoni andika 4 kutoa idadi ya majirani. Jumlisha zote. Kama wavu wako ni kipande kimoja kisicho na tundu, jibu ni 6. Halikaribii 6, ni 6 kamili, hata gololi ziwe zimevurugika kiasi gani. Hili linatoka kwenye kanuni ya Euler ya vipeo, kingo na nyuso, ambayo haijali urefu wala pembe, inajali tu nani ameshikana na nani.

Umbo likibadilika, jumla nayo hubadilika. Kwenye tufe ni 12, na ndiyo maana ule mpira wa miguu wa zamani wa vipande 32 una pembetano nyeusi 12, si 11 wala 13. Kwenye sanduku la kuigiza atomu kwa kompyuta, lenye mipaka inayojirudia, ambako atomu inayotokea upande wa kulia huingilia kushoto, jumla ni 0.

Jumla isipotoka, usianze kuilaumu fuwele. Wavu ndio wenye kosa, na hakuna haja ya kuendelea kusoma rangi mpaka ulirekebishe.

Dalili: ukingo mzima umejaa wekundu

Hii ni nyepesi. Gololi ya ukingoni haina majirani upande wa nje, na programu nyingi huipima kwa kipimo cha ndani. Itoe kwenye hesabu ya kasoro, au itumie ile 4 badala ya 6. Angalia pia pembetatu ndefu nyembamba kama sindano zinazounganisha gololi mbili zilizo mbali kwenye mzingo wa nje. Delaunay hulazimika kujaza kila upenyo mpaka nje. Futa kingo zote zenye urefu unaozidi kipenyo cha gololi mara 1.5. Kikomo hicho kinafaa kwa sababu jirani halisi yuko umbali wa kipenyo 1, na anayefuata, yaani jirani wa jirani, yuko umbali wa 1.73.

Dalili: umefuta kingo ndefu, sasa jumla ni 0 badala ya 6

Umetoboa wavu. Kila tundu moja hupunguza 6 kwenye jumla, kwa hiyo 0 maana yake tundu moja, na hasi 6 maana yake matundu mawili. Mara nyingi tundu hilo ni pengo: mahali palipostahili gololi na haipo. Hesabu inakubaliana yenyewe. Gololi sita zinazolizunguka pengo kila moja imepoteza jirani mmoja, zimebaki na watano, na kwa kuwa sasa ziko ukingoni mwa tundu, kila moja inaandikiwa 4 kutoa 5. Sita mara hasi moja.

Usipofuta kingo, pengo hilo hilo litajificha kwa sura nyingine. Programu itaziba tundu kwa kuchora mishazari mitatu, na utaona fundo la watano na saba waliopishana, wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, huku jumla yao ikiwa sifuri. Wageni wa kazi hii huliita fundo hilo miteguko miwili au mitatu iliyokumbatiana. Kabla ya kutoa jina kubwa hivyo, rudi kwenye picha uangalie kwa macho kama kuna gololi iliyokosekana, au ipo ila kamera haikuiona kwa sababu ina kutu.

Dalili: kasoro zimetapakaa kila mahali, na nukta ni nyingi kuliko gololi

Mimi hili lilinila jioni nzima. Nilikuwa nimewasha taa mbili ili picha itoke vizuri, na kila gololi ya chuma, kwa kuwa inang'aa kama kioo, ilirudisha vimulimuli viwili. Programu ikahesabu kila kimulimuli kuwa gololi. Kipimo cha kukamata kosa hili ni kuchora mgawanyo wa umbali kati ya majirani. Gololi mbili haziwezi kusogeleana vitovu vyao zaidi ya kipenyo kimoja, milimita 6.35 kwa hizi za robo inchi. Ukiona umbali mwingi wa milimita 2, nukta mbili zimo ndani ya gololi moja. Zima taa moja, au tandika karatasi nyeupe juu ya taa ili mwanga usambae.

Dalili: fuwele safi kabisa, lakini nusu na zaidi ya nukta zina rangi

Hapa ndipo wengi hukwama, tena si kwenye sinia bali kwenye kompyuta. Chukua karatasi ya miraba na uweke nukta kwenye kila makutano. Mpangilio hauna kosa lolote. Sasa mwambie Delaunay achore pembetatu. Ncha nne za mraba ziko juu ya duara moja, kwa hiyo mishazari yote miwili ni halali, na programu itachagua mmoja kwa kufuata makosa madogo ya namba za desimali. Kila nukta inapakana na miraba minne, na kila mraba unaweza kumpa mshazari au kumnyima. Majirani wake watakuwa kati ya 4 na 8. Tuseme uchaguzi ni wa kurusha sarafu kwa kila mraba: nukta zitakazopata sita ni 6 kati ya 16, yaani asilimia 37.5. Zilizobaki zitapakwa rangi, na zote hazina hatia.

Shaba ina ugonjwa huu huu, ila wa pande tatu. Atomu zake zimekaa kwenye pembe za mchemraba na katikati ya kila uso. Ukimpa kila atomu eneo lake, yaani sehemu yote iliyo karibu naye kuliko atomu nyingine yoyote, unapata seli ya Voronoi yenye nyuso 12 na vipeo 14. Kwenye vipeo 6 kati ya hivyo hukutana nyuso nne badala ya tatu. Vipeo hivyo ni kama meza yenye miguu minne kwenye sakafu isiyo sawa: ukiitikisa kidogo tu, mguu mmoja unaning'inia. Joto likizisogeza atomu hata kidogo, pale hutokea uso mdogo mpya unaokuunganisha na jirani wa pili. Idadi ya majirani huruka kutoka 12 hadi popote kufikia 18, wastani ukiwa karibu 14, na fuwele bado ni nzima.

Chuma cha kawaida, ambacho atomu zake ziko kwenye pembe na moja katikati ya mchemraba, hakina tabu hiyo. Seli yake ina nyuso 14, miraba 6 na pembesita 8, na kila kipeo kina nyuso tatu. Mtikisiko mdogo haubadili kitu. Ndiyo maana programu iliyojaribiwa kwa chuma ikasifiwa inaweza kuaibika siku ya kwanza ya shaba.

Dawa ni kutohesabu nyuso kichwa kichwa. Pima eneo la kila uso na utupe zile ambazo ni sehemu ndogo mno ya eneo lote la seli. Mimi huanza na asilimia 1, nikatazama mgawanyo, nikapandisha taratibu. Kwenye miraba, unganisha pembetatu mbili zenye vitovu vya duara vilivyokaribiana sana kuwa mraba mmoja. Majirani watarudi kuwa wanne kwa wote. Ukiona kikomo chako kikisogezwa kidogo idadi ya kasoro inabadilika sana, bado hujatoka kwenye tatizo.

Dalili: mzunguko wa Burgers haufungi, au unafunga pasipotakiwa

Hiki ndicho kipimo halisi cha mteguko, kutoka kwa Mholanzi J. M. Burgers, 1939. Shika gunzi la hindi uangalie mistari ya punje. Wakati mwingine mstari hukoma njiani, na mistari ya jirani yake husogeleana kuziba nafasi. Ukiwa mbali na mwisho wa mstari ule, kila kitu kinaonekana sawa. Ila ukitembea kwa kuhesabu punje kuuzunguka, hurudi ulikoanza.

Kwenye sinia fanya hivi: hatua 6 kuelekea upande mmoja, geuka, hatua 6, kisha 6 kinyume cha safari ya kwanza, na 6 kinyume cha ya pili. Kama ndani hamna kitu, unarudi kwenye gololi ile ile. Kama kuna mteguko, unapungukiwa au kuzidisha hatua moja, na hatua hiyo, pamoja na upande wake, ndiyo vekta ya Burgers. Kwa shaba, ambayo mchemraba wake una upande wa nanomita 0.3615, urefu wa vekta hiyo ni nanomita 0.256. Ukipata 0.19, haujagundua aina mpya ya mteguko.

Sababu ya kwanza ya majibu ya ajabu ni kupita kwenye kiini cha mteguko. "Kwenda moja kwa moja" kwenye wavu maana yake ni kuingia kwa ukingo mmoja na kutoka kwa ule unaoukabili. Nukta yenye majirani sita ina ukingo unaokabili. Yenye watano au saba haina, na programu itachagua wowote. Kwa hiyo kila nukta uliyoikanyaga njiani iwe na sita. Kama siyo, panua mzunguko.

Sababu ya pili ni kuzunguka miteguko miwili yenye vekta zinazopingana. Mzunguko unafunga vizuri, nawe unaandika kwamba eneo ni safi. Gawanya mzunguko mkubwa kuwa midogo na urudie. Ya tatu ni ya sanduku linalojirudia: umevuka mpaka, programu imekurudisha upande wa pili, na umbali wote wa sanduku umejumlishwa kwenye vekta. Utaitambua kwa ukubwa wake, maana vekta inatoka sawa na upana wa sanduku. Ya nne ni alama tu. Ukizunguka kisaa unapata vekta moja, ukizunguka kinyume unapata kinyume chake. Amua mwelekeo mmoja na usiubadilishe katikati ya kazi.

Kuna ya tano, adimu lakini inatesa. Ndani ya mzunguko umo nukta mmoja wa watano peke yake, bila saba wa kumsawazisha. Hapo mwelekeo wenyewe unageuka nyuzi 60 unapomzunguka, na swali la "umepungukiwa hatua ngapi" linakosa maana. Mteguko ni jozi ya tano na saba walioshikana. Tano aliye pekee ni kasoro ya aina nyingine, ya kuzungusha si ya kusogeza, na kwenye sinia bapa hagharimu kidogo; ukimwona katikati kabisa ya eneo safi, mtafute saba wake karibu na ukingo kabla ya kumwamini.

Dalili: umeweka mteguko mmoja wa shaba, baada ya kutulia wameonekana wawili

Programu iko sahihi. Gharama ya mteguko, yaani nishati yake, huenda kwa mraba wa vekta yake. Vekta nzima ya shaba ina mraba wa nusu ya mraba wa upande wa mchemraba. Ikigawanyika kuwa miteguko miwili midogo, ambayo huitwa nusu za Shockley, kila moja ina sehemu moja ya sita, jumla theluthi moja. Theluthi ni ndogo kuliko nusu, kwa hiyo zinaachana, na kati yao hubaki utepe ambao tabaka zimepandana vibaya.

Kosa linalofuata hapo ni kuusoma utepe huo. Kipimo cha majirani wa pamoja, kinachoangalia majirani ambao atomu mbili jirani zinashirikiana, kitaupaka rangi kama tabaka mbili jirani za mpangilio wa pembesita. Ukiona tabaka moja tu badala ya mbili, hiyo ni mipaka ya pacha, fuwele mbili zinazotazamana kama kwenye kioo. Kwenye alumini utepe ni mwembamba mno kiasi cha kuonekana kama mteguko mmoja mnene, usiulazimishe.

Dalili: mapengo mia mbili na wazamiaji mia mbili, hata kabla ya kuipiga fuwele

Ili kupata mapengo, unaligawa anga kwa seli za fuwele kamilifu kisha unahesabu atomu ndani ya kila seli. Sifuri ni pengo. Mbili ni mzamiaji, atomu iliyojipenyeza bila nafasi. Idadi zikilingana hasa, watu hufurahi, maana atomu haijapotea. Lakini zingelingana hata kama fuwele nzima imesogea tu pembeni. Shaba ikipashwa kutoka kelvini 300 hadi 1000 hutanuka kwa karibu asilimia 1.3. Kwenye kipande cha nanomita 40 kilichoshikiliwa ncha moja, ncha ya pili imesogea karibu nanomita nusu, wakati atomu inahitaji kusogea nanomita 0.13 tu kuvuka mpaka wa seli yake.

Tofauti iko kwenye umbo. Kasoro za kweli hutawanyika. Za uongo hujipanga kwa mistari na matabaka, na huongezeka kadiri unavyokwenda mbali na sehemu iliyoshikiliwa. Tanua seli za kulinganishia kwa kiasi kile kile na uondoe mwendo wa kitovu cha fuwele nzima, kisha hesabu upya.

Dalili ndogo ndogo

Kila atomu inatoka "haijulikani": umekosea upeo wa ujirani. Kwa shaba weka katikati ya jirani wa kwanza na wa pili, mara 0.854 ya upande wa mchemraba, yaani nanomita 0.309. Kwa chuma majirani wa pili wako karibu sana na wa kwanza, kwa hiyo wahesabu wote na ukate mara 1.207.

Kasoro zinakuja na kutoweka kila picha: ni joto. Chukua wastani wa nafasi katika picha kadhaa, au ipoze fuwele kwa ghafla kabla ya kuhesabu.

Sanduku linalojirudia halikubali mteguko mmoja: halitakubali kamwe, jumla ya vekta lazima iwe sifuri. Weka wawili wanaopingana, na ikiwezekana wanne.

Nishati ya mteguko inakua kila unapoongeza ukubwa wa sampuli: ndivyo ilivyo. Inakua kwa logi ya ukubwa, wala si hitilafu.

Na kama jumla imetoka 6, vimulimuli hamna, na bado kuna mstari wa wekundu katikati ya sinia

Tazama kama ni jozi za tano na saba zilizopangana kwa umbali sawa. Hapo fuwele mbili zimekutana zikiwa zimeelekea pande tofauti, na unaweza kuthibitisha kwa njia mbili zisizotegemeana. Pima pembe kati ya safu za upande huu na za upande ule kwa kipimapembe. Kisha pima umbali kati ya jozi moja na inayofuata. Mpaka ukiwa umekaa katikati ya pande mbili bila kuegemea, umbali huo ni kipenyo cha gololi kugawanya kwa mara mbili ya saini (sin) ya nusu pembe. Kwa nyuzi 5 na gololi za milimita 6.35 utapata karibu milimita 73. Kwa nyuzi 10, karibu 36. Zaidi ya nyuzi 15 hivi jozi zinabanana mpaka hazitenganishiki, na kipimo hiki kinakoma kufanya kazi. Sinia la mwisho nililopiga picha lilikuwa na nyuzi 7 kwa kipimapembe na jozi kila milimita 50 kwa rula. Kanuni inadai 52.